Siku Mashavu Alipotundika Nyuzi

Msiniulize nilifikaje Nyuzini. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na miwili, nimechora ramani ubaoni mpaka chaki ikaniingia kwenye kucha, na nchi hiyo sikuwahi kuiona kwenye atlasi yoyote. Itoshe kusema kwamba nilifika, nikakaa siku ishirini na sita, na ninayoyaeleza hapa niliyaona kwa macho yangu mwenyewe. Asiyeniamini ana haki yake, ila asinikatize.

Kitu cha kwanza kilinisimamisha katikati ya barabara, mdomo wazi. Juu ya mji wote palikuwa na nyuzi. Maelfu kwa maelfu, nyekundu, za samawati, za manjano, zimetoka dirisha hili kwenda dirisha lile, zimepenya kwenye pete za shaba zilizopigiliwa kwenye nguzo, zimevuka mapaa na soko na mto, zikapotelea upande wa pili wa mji. Kila uzi ulikuwa na kengele ndogo, kubwa kiasi cha punje ya hindi. Jua lilipita katikati ya nyuzi hizo likaanguka chini rangi rangi, juu ya vumbi, juu ya mabega ya watu, juu ya mkoba wangu. Na kengele hazikunyamaza hata kidogo. Subhanallah! Mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini siku ile nilivua miwani nikaifuta mara mbili.

"Wageni wote husimama hapo hapo," alisema mtu mmoja aliyeketi kwenye kiti kando ya barabara. Huyo alikuwa Bwana Ngwali, Afisa wa Mapokezi, mtu mnene, mpole, mwenye macho mekundu. "Karibu. Uchovu wako?"

"Uchovu wangu umefanya nini?"

"Ndivyo tunavyosalimiana. Mimi nauliza, uchovu wako? Wewe unajibu, upo, na wako? Haya, tujaribu tena."

Tukasalimiana upya. Kisha akanieleza sheria ya nchi, ambayo ni fupi. Kila mwananchi anavaa bangili ya ngozi kwenye kifundo cha mkono, na kwenye bangili hiyo zimefungwa nyuzi za watu wote anaowapenda na wote anaofanya nao kazi. Mtu akikukumbuka, anavuta. Ukivutwa, unajibu kwa kuvuta kabla hajahesabu mpaka saba. Mchana au usiku, unakula au unaoga, ni hivyo hivyo.

"Na asiyejibu?"

Bwana Ngwali alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, kwa nini mtu asijibu? Ana shughuli gani kubwa kuliko kupendwa?"

Nilinyoosha mkono, akanifunga bangili yenye nyuzi kumi na mbili za ukarimu, moja ikiwa yake. Sijafika hata kona ya kwanza, akanivuta kuuliza kama nimefika.

Nilipewa chumba nyumbani kwa mwanamke mmoja aitwaye Mashavu, fundi wa nyuzi wa mtaa ule. Kazi yake ilikuwa kupanda ngazi, kuunga nyuzi zilizokatika, na kutatua mafundo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mwenye vidole vya ajabu. Nilimwona akitia mkono kwenye fundo la nyuzi mia, kichwa kimeinama kwa usingizi, macho nusu yamefumba, na kabla sijamaliza kikombe cha chai kila uzi umerudi mahali pake. Mwenyewe alikuwa na nyuzi sitini na tatu. Akivutwa alijua bila kutazama ni nani na anataka nini. "Huyu shangazi, amekumbuka tu," alisema, akajibu. "Huyu mwokaji, ananiuliza kama nimemwuliza." Akajibu. "Huyu sijui, lakini najibu."

Uzi mmoja ulikuwa mwekundu, umeng'ara kwa kushikwashikwa. Huo ulikwenda kwa mama yake, Bi Mwanakheri, aliyekaa ng'ambo ya mji, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mashavu hakuwa amemwona mama yake kwa miaka tisa.

"Miaka tisa! Na mji ni mmoja?"

"Kumwona kwa nini, Mwalimu? Ananivuta kila usiku, namvuta kila usiku. Tuko pamoja." Akaushika uzi ule kidogo kwa vidole viwili. "Halafu mtu akitoka mtaani kwake nyuzi zinanasa. Watu sitini na wawili wataniita nisiitike, kwa sababu ya safari ya mmoja?"

Sasa kuhusu maisha yao. Madirisha ya Nyuzini hayafunguliwi, nyuzi hupitishwa kwenye vitundu vya mbao, kwa kuwa jua likiingia litapausha nyuzi zilizo ndani, basi watu hukaa ndani na taa mchana kutwa. Hukaa kweli kweli, maana mtu akitembeatembea anatikisa nyuzi za wenzake na huo ni utovu wa adabu. Asubuhi hawali, kwani alfajiri ndiyo saa ya kuvutana sana, kila mmoja akitaka kujua kama wengine wameinuka. Siku nzima wanakunywa chai ya rangi iliyokolea ikawa nyeusi, birika baada ya birika, na maji wanayamwagia maua. Chakula huja usiku, mkono mmoja unapopata nafasi, nacho ni mlima wa wali na viazi vya kukaanga na halua juu yake, kisha wanalala na tumbo limewaka, bangili mkononi, wakivutwa. Nilimwuliza Mashavu asubuhi ya kwanza ameamkaje. Akasema hajaamka, ameinuka tu.

Wote walikuwa wamechoka. Si uchovu wa kazi tunaoujua mimi na wewe, unaoisha ukikaa kivulini. Hawa walichoka tangu utotoni. Nilimwona mwanamume akiweka viatu vyake kwenye chungu na viazi chini ya kitanda. Nilimsikia bwana harusi akisahau jina la bibi harusi, na bibi harusi akashindwa kumkumbusha. Na pamoja na hayo walikuwa watu wema kuliko wengi niliowajua. Mtoto alipozaliwa mtaa wa pili, nyuzi za mji mzima zilitikisika kwa furaha, mawimbi kwa mawimbi, nikasimama tena mdomo wazi kama mjinga. Nani kwetu angeshangiliwa hivyo?

Kwa kuwa uchovu ulikuwa umezidi, Serikali ilikuwa imeunda Tume ya Kutafuta Chanzo cha Uchovu, na mimi kama mtu wa elimu nilialikwa kusikiliza. Tume ilikuwa katika mwaka wake wa arobaini na moja. Mjumbe mmoja alitoa hoja kwamba uchovu unatoka kwenye kilima cha mashariki, kinachoubana upepo. Mwingine akamkumbusha kwamba kilima hicho kilishachimbwa na kusawazishwa, wananchi wakijitolea miaka mitatu, na uchovu ukaongezeka. "Ndiyo ushahidi wenyewe!" akajibu wa kwanza. "Kilikuwa kikijitetea." Mjumbe wa tatu alilaumu mchele. Wa nne alianza kulaumu kitu, akasahau ni kitu gani, akashukuru akaketi. Kila baada ya sentensi mbili wajumbe wote walisimama kujibu nyuzi zao, na msemaji akalazimika kuanza upya.

Mimi ni mtu wa mdomo, mke wangu atawaambia. Nikanyoosha mkono. "Waheshimiwa, je, haiwezekani ikawa ni nyuzi?"

Wakanigeukia wote. Kisha wakacheka, kicheko cha wema kabisa, hata mmoja akaja kunipiga bega. Mwenyekiti akasema, "Mgeni wetu, bila nyuzi tungeulizanaje kama tumechoka?" Wakaandika kwamba mgeni alichangia vizuri.

Basi, yakatokea ya Mashavu.

Siku yangu ya kumi na sita, usiku, birika la chai lilimmwagikia kifundo cha mkono. Ngozi ikababuka. Akapaka mafuta, na ili mafuta yakauke akavua bangili, akaitundika kwenye msumari ukutani. Alikusudia kuhesabu mpaka mia. Akaegemea ukuta. Nilipotoka chumbani asubuhi nilimkuta amelala mkekani, mkono umetupwa huku, mguu kule, mdomo wazi, na msumarini nyuzi sitini na tatu zikirukaruka. Nilitaka kumwamsha. Sikumwamsha. Kama hilo ni kosa, na mimi ni mkosaji.

Aliamka jua limeshapanda. Akaniangalia muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, kumbe una kovu kwenye kidevu?" Alikuwa amenipikia siku kumi na sita. Akafungua dirisha. Akanywa maji vikombe viwili, akala wali wa jana wote, akaenda kazini akatatua mafundo arobaini kabla ya adhuhuri. Na huko juu ya ngazi akaimba. Ndicho kilichomponza. Wenzake walipeleka habari kwamba fundi Mashavu anaimba, na alasiri Bwana Ngwali akaja na karatasi. Kosa: kutundika nyuzi. Ushahidi: wepesi. Baraza la hukumu litakuja mtaani baada ya siku tatu, na adhabu ni kukatwa nyuzi zote, hata moja isibaki.

Mashavu hakuogopa kwa ajili ya zile sitini na mbili. Alikaa chini ya msumari, akashika ule mwekundu.

"Mwalimu, toka nilipoamka nimemvuta mama mara ishirini. Hajibu."

"Labda amelala."

"Mama? Mama hajawahi kutojibu. Alinivuta usiku ule sikuitika, na sasa..." Akashindwa kumaliza. "Nimemuua mama yangu kwa usingizi."

Nikamwambia asiseme upuuzi, nikamwambia kwa ukali kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuogopa. Nikasema nitakwenda kumtazama. Nikatoka na mkoba wangu, lakini kwenye kona ya tatu nyuzi zangu kumi na mbili zilinasa kwenye pete za mwokaji mikate, na mafundi wawili walitumia mchana kutwa kunitoa, huku Bwana Ngwali akinivuta kuuliza kwa nini sijibu. Nikarudi nimeaibika.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kutokea. Sheria inamruhusu mtuhumiwa ale kiapo cha uchovu: asimame mbele ya Baraza, aseme "nimechoka kama wenzangu", na apige mwayo mbele ya mashahidi watatu. Akifanya hivyo, anasamehewa.

"Nitaapa," alisema Mashavu. "Wakiukata huu mwekundu, sitajua tena kama yuko hai au hayupo. Nitaapa, nitavaa, na sitavua mpaka nife."

Siku zote tatu alikaa macho usiku kucha makusudi ili mwayo uje wenyewe. Asubuhi ya Baraza alikuwa na uso wa majivu, na mimi nikahisi kama ninamtazama mtu akifunga kwa mkono wake dirisha alilolifungua mwenyewe.

Baraza lilikaa uani kwake. Jaji alikuwa Mheshimiwa Mbwera, mzee mrefu aliyekuwa na nyuzi nyingi hata mkono wake ulitegemezwa kwa gongo la mbao. Bwana Ngwali alisoma shitaka, akalia kidogo aliposoma, kwani alimpenda Mashavu. Watu wa mtaa walikaa chini, mikono ikijibu.

"Mashavu," alisema jaji, "unajua una haki ya kiapo."

"Najua, mheshimiwa. Nipo tayari."

"Kabla hujaapa." Jaji akasita. Alitazama huku na huku, kama mtu anayetaka kuomba kitu kisicho na adabu. "Asubuhi ile ulipoamka, ilikuwaje?"

Bwana Ngwali akakohoa. Swali hilo halikuwa kwenye utaratibu. Mashavu akanyanyua uso. Nilimwona akitafuta uongo, nikamwona anaukosa.

"Nilisikia njaa, mheshimiwa," akasema. "Njaa nzuri. Halafu nikasikia ndege, sikujua kama tuna ndege. Halafu nikamkumbuka mama. Si kumvuta. Nilitaka kumwona. Nilitaka kujua sasa hivi anafananaje."

Kwa muda mfupi hakuna aliyejibu uzi wowote.

"Sasa apa," akasema jaji kwa sauti ndogo.

Mashavu akafungua mdomo kuapa, na hapo mtu akapiga hodi.

Alikuwa kikongwe, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, kanga imefungwa kiunoni, na fimbo ambayo ni dhahiri ilikuwa mguu wa kiti. Mkononi hakuwa na bangili. Watu walio karibu na mlango walisogea kwa hofu.

"Namtafuta Mashavu binti Mwanakheri," alisema. "Nimeambiwa ni hapa. Ni yupi?"

Alikuwa akimtazama Mashavu usoni alipouliza hivyo.

"Mama," akasema Mashavu. "Ni mimi."

Yule bibi akamkaribia, akamshika taya, akamgeuza uso upande wa mwanga kama anayekagua papai. "Mbona umezeeka, mwanangu?" Kisha wote wawili wakaanza kulia na kucheka, na mimi miwani ikanitesa tena.

Mheshimiwa Mbwera alimwuliza iko wapi bangili yake. Bi Mwanakheri akajibu pasipo kuona haya kwamba ameitundika kwenye kitasa cha mlango wake.

"Kwa nini, mama?" jaji akauliza.

"Nilimvuta huyu usiku, hakujibu. Nikasema ngoja ajibu. Nikangoja, nikangoja, usingizi ukanipitia. Ndiyo mara ya kwanza kwa miaka mingi kulala bila yeye kunivuta. Nilipoamka nikaona nina miguu." Akaitazama miguu yake kwa mshangao. "Nikasema, basi niende."

Mashavu alikuwa ameacha kulia. "Bila mimi kukuvuta? Mama, mimi nilikuvuta kila usiku kwa sababu wewe ulinivuta. Niliogopa nisipokuvuta utahuzunika."

"Ala! Mimi nilikuvuta kwa sababu wewe ulinivuta. Nilikuwa nataka kulala, mwanangu. Miaka tisa nilikuwa nataka kulala tu, nikasema siwezi kumwacha mtoto akivuta peke yake."

Nikawaona watu wa mtaa wakizitazama nyuzi zao, kisha wakitazamana, mke na mumewe, mwokaji na shangazi, kila mmoja na swali moja ambalo hakuthubutu kumwuliza mwenzake. Nimesimama mbele ya madarasa miaka thelathini na miwili, na sijawahi kuona watu wengi hivyo wakielewa kitu kwa mara moja.

Bwana Ngwali ndiye aliyezungumza kwanza, kwa kuwa sheria ni sheria. "Mheshimiwa, sasa wakosaji ni wawili. Na huyu hajaapa."

"Utaapa?" jaji akamwuliza Mashavu.

Mashavu alikuwa ameushika mkono wa mama yake. "Siapi, mheshimiwa. Sijachoka kama siku zote. Nimechoka siku tatu tu, na hizo nitazilala leo."

Jaji Mbwera akatoa hukumu. Nyuzi zote za wawili hao zikatwe, wasivute wala wasivutwe maisha yao yote. Bwana Ngwali akachukua mkasi wa Serikali, akakata zile sitini na mbili, tiki, tiki, tiki, na nyuzi zikaruka juu kurudi kwa wenyewe. Alipofika kwenye ule mwekundu akasimama.

"Kata, baba," Bi Mwanakheri akamwambia. "Mwenyewe si nipo hapa."

Akakata. Nikangoja waambiwe waondoke nchini, au watu wakatazwe kusema nao, au chochote. Nikamwuliza jaji ni nini kinachofuata. Akapekua kitabu chake cha sheria mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na kitu zaidi. Waliotunga sheria ile hawakuweza kufikiria kwamba mtu aliyekatwa uzi anaweza kukaa na mwenzake chumba kimoja wakazungumza kwa midomo. Jaji akakifunga kitabu, akabaki ameketi, hakuita kesi nyingine.

Mashavu akafungua madirisha yote. Akapika uji, wakanywa, wakanywa na maji. Bi Mwanakheri akatandika mkeka barazani mahali penye upepo, wakajinyoosha wote wawili adhuhuri kweupe, na haikupita dakika tano yule bibi akaanza kukoroma. Kukoroma kwa nguvu, bila haya. Mashavu alicheka mara moja, usingizi ukamchukua cheko lingali mdomoni.

Mimi nilikaa kwenye ngazi. Watu wa mtaa hawakuwa wameondoka. Walisogea taratibu mpaka kwenye ua wa makuti, wakasimama wanasikiliza, na sauti ile ilikuwa mpya masikioni mwao. Mwanamke mmoja mjamzito, mwenye duara nyeusi chini ya macho, aliinama akaninong'oneza.

"Mwalimu, yule bibi anaumwa?"

"Hapana, mama. Amelala."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka aamke."

Alinitazama kuona kama nafanya mzaha. "Mpaka aamke mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akashika kinywa chake. Kisha akakaa chini pale pale vumbini, akaegemea ua, akaanza kufungua bangili yake kwa meno.